Mwaka wa Wenye Nyumba Wawili

Kwenye matanga ya Bi Mwamini, mwanamke mmoja wa Rumonge nisiyemjua alinisogelea, akanitazama ushungi, akanitazama viatu, kisha akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Ni swali la kawaida msibani; watu huuliza ili wajue pole yako waipime vipi. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka wa wafiwa, bega kwa bega na Zaina, binti yake marehemu, na waliokuwa wakiingia walinipa mkono wa pole kabla ya kuwafikia shangazi zake waliotoka Nyanza-Lac. Nikamjibu kwamba mimi ni jirani. "Jirani tu?" akasema, na macho yake yakarudi kwenye ule mkeka. Nilitaka kumjibu vibaya, maana mimi nikiwa na huzuni huwa mkali, tabia niliyoirithi kwa mama yangu bila kuiomba. Zaina akaniwahi. "Mwache, dada," akamwambia. "Huyu tulikaa naye nyumba moja mwaka mzima, mama yake anataka mama yangu atoke, na mama yangu anataka mama yake atoke." Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakashika vinywa. Mimi nilicheka pamoja nao, halafu nikalia, na kwa muda sikujua ninafanya lipi kati ya hayo mawili.

Sasa nimerudi Kabezi, kwenye cherehani yangu, na kila nguo ninayoshona inanirudisha kwenye mwaka ule. Nilikuwa na umri wa msichana anayejiona mkubwa mbele ya kila mtu isipokuwa mama yake. Tulikaa kusini ya Rumonge, upande wa kuelekea Kigwena, kwenye kipande cha ardhi kinachoanzia barabarani na kushuka kwenye michikichi mpaka ufuoni. Mtaa wetu ulikuwa na watu wa aina mbili, na mtoto yeyote angeweza kukutajia. Walikuwapo Wafyekaji, yaani familia zilizofika kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, wakati hapa palikuwa msitu na viboko, wakafyeka, wakapanda michikichi kwa mistari, wakajenga msikiti wa kwanza wa udongo. Na tulikuwapo sisi wakuja. Shida ni kwamba Wafyekaji wenyewe walikuwa karibu wote hawapo. Walikimbilia ng'ambo mwaka ambao wazee walikuwa wakiutaja kwa kushusha sauti, na mashamba yao yakabaki wazi mpaka komini, yaani serikali ya hapo, ilipoanza kuyagawa kwa wasio na kitu. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo Buyenzi, huko mjini, mwenye cherehani moja na wateja wenye ahadi nyingi. Alipewa nyumba isiyo na paa na michikichi iliyofunikwa na magugu. Aliiezeka, akaifyeka upya, na mimi nikakua humo bila kujua nyumba nyingine. Kijito tulichochotea maji kiliitwa kwa jina la Mfyekaji, njia ya kwenda ufuoni ilikuwa na jina la Mfyekaji, na nyumba yetu watu waliiita kwa Ramadhani. Nilidhani Ramadhani ni jina la mahali, basi.

Alikuja alasiri moja ya kiangazi. Mama alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya majani ya mchikichi, na mimi nilikuwa nawafukuza kuku. Tuliona mzee mrefu aliyevaa kofia ya kufuma, nyuma yake msichana wa umri wangu aliyebeba godoro lililokunjwa, na mwanamke mfupi mnene mwenye sufuria kichwani. Mzee alisimama mbele ya mlango wetu akapiga hodi, tena kwa adabu, mikono imeshikana mbele. Yule mwanamke hakupiga hodi. Alipita ubavuni mwa nyumba, akaenda moja kwa moja uani, akasimama kwenye mlango wa jiko akiangalia moshi uliopaka dari, kama mtu anayekagua kazi aliyomwachia mwingine. Huyo ndiye Bi Mwamini. Baba alitoka na kipimo cha nguo shingoni. Yule mzee akamwambia, "Mimi ni Ramadhani. Nyumba hii aliijenga baba yangu, na shamba alilifyeka babu yangu." Baba akamtazama yeye, akalitazama godoro, akamtazama yule msichana ambaye midomo yake ilikuwa imekauka kwa safari. Kisha akasema, "Mumekula?"

Mama hakumsamehe neno lile kwa muda mrefu. Kwake yeye, mwanamume mwenye akili angesema kwanza kwamba nyumba ina wenyewe, halafu ndipo aulize habari za chakula. Lakini Baba alikuwa hivyo. Mgeni akiwa mlangoni, mambo mengine yote yalimpotea. Walikula ugali wa muhogo na ndagala zetu, na jioni ile akaja shefu wa kolini, yaani mkuu wa mtaa wetu, mtu mwenye haraka siku zote, akasimama katikati ya uwanja akatoa amri yake. "Mutakaa pamoja kwa amani," akasema, "mpaka bashingantahe bapate nafasi ya kusikia maneno ya kila mutu. Asiyepewa, atatoka. Hakuna kupigana, hakuna kutukanana. Murakoze." Bashingantahe ni wazee wa kuamua mashauri, na kila mtu alijua kwamba mashauri ya namna hiyo yalikuwa mengi pwani nzima na wao walikuwa wachache. Shefu alipoondoka, Mama aliingia ndani, akakaa kitandani, akasema kwa sauti ambayo haikukusudiwa kwa Baba peke yake: "Nilihama kwetu, nikahama kwa mama mukwe, nikahama Buyenzi. Mimi sihami tena. Banitoe na jeneza."

Kuta za nyumba ile zilikuwa hazifiki juu. Ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kati yake na bati upepo ulipita, na maneno yalipita pamoja na upepo. Wao walichukua vyumba viwili vya mbele, sisi tukabaki na vya nyuma, sebule ikawa ya watu wote na kwa hiyo haikuwa ya mtu. Baba akikohoa, Mzee Ramadhani alimwambia pole kutoka upande wa pili. Bi Mwamini aliviita vyumba kwa majina yasiyokuwa yetu. Chumba cha wazazi wangu kilikuwa chumba cha mama mkwe. Mahali palipokaa cherehani aliita kwa mgonjwa, maana hapo alilala babu wa mumewe mpaka alipofariki. Siku moja alisimama mbele ya ukuta mtupu wa sebule, akaupigapiga kwa kiganja, akasema, "Hapa palikuwa na mlango." Baba, ambaye hakuwahi kuona kasoro ya ukuta akaiacha, alichukua nyundo akagongagonga, lipu ikaanguka, na chini yake kikatokea kizingiti cha mbao, kizima, chenye misumari ya zamani. Akafurahi kama mtoto. Akaufungua mlango wote siku ile ile, ili tupate hewa, akasema. Mama alikuja akaliangalia lile tundu, akamwangalia Baba mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. "Vizuri," akasema. "Umefungua mulango wa kututoa sisi."

Jikoni ndiko vita vilikokuwa. Jiko lilikuwa moja, meko mawili, na wanawake wawili waliokuwa wakipeana migongo tangu asubuhi. Mama alipika maharagwe, Bi Mwamini naye akapika maharagwe. Mama alitia mawese mengi, kama tulivyozoea, na Bi Mwamini akanong'ona kwa nguvu kwamba huko ng'ambo walijifunza chakula kisichozama mafutani. Waligombana juu ya kuni, juu ya nani aliacha mlango wazi kuku wakaingia, juu ya njia sahihi ya kuosha mboga za lengalenga. Hawakutukanana, shefu alikataza. Walisemana kwa kuzungumza na watoto. "Hadija, mwambie mama yako chumvi imekwisha," Bi Mwamini angesema, na Mama akiwa amesimama karibu naye kiasi cha kuguswa na kanga yake. "Hadija, mwambie huyo mugeni kwamba chumvi iko pale iko siku zote." Mimi nilisimama katikati na sikumwambia mtu chochote. Bi Mwamini alipopakua alitia kwenye sahani moja zaidi na kuiweka karibu na Mama, kila siku, na Mama hakuigusa. Sahani ile niliila mimi na Zaina nyuma ya jiko. Ninaposema hivi nataka ieleweke kwamba nilikuwa upande wa Mama kwa moyo wote. Ila Bi Mwamini alijua kupika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kuliko yeyote niliyewahi kumjua, na tumbo halina upande.

Zaina nililala naye kitanda kimoja. Alikuwa amezaliwa ng'ambo na alisema Kiswahili cha ng'ambo, kilichonyooka. Siku ya kwanza alimwamkia muuza samaki "shikamoo", na vijana wa ufuoni wakamwita Shikamoo mpaka alipoolewa. Sisi tulisema amahoro na kuendelea na shughuli zetu. Nilikusudia kumchukia na sikufanikiwa hata wiki, kwa sababu alikuwa mchekeshaji na aliogopa vyura. Lakini kulikuwa na jambo moja kwake lililonitia baridi. Huko ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi, baba yake alikuwa akiwakalisha watoto jioni na kuwasomea shamba. Mstari wa kwanza toka barabarani aliupanda fulani, mstari wa kumi na mbili mchikichi wa tatu umepinda, chini yake kuna jiwe la kukalia. Na kadhalika mpaka ufuoni, halafu anawauliza, na asiyejibu haongezwi chai. Asubuhi yake ya pili kwetu, Zaina alishuka shambani peke yake akatembea moja kwa moja mpaka kwenye ule mchikichi uliopinda, akakaa juu ya jiwe. Mimi nilimfuata kwa mbali. Mimi niliijua michikichi ile kwa nyoka na kwa kivuli, kwa mahali nilipojificha nisitumwe. Yeye aliijua kwa majina ya waliokufa. Nilisimama pale nikaogopa sana, kwa sababu niliona wazi kwamba shamba linaweza kuwa la watu wawili kweli kweli, na kwamba wazee wa kuamua hawatakubali kitu kama hicho.

Hapa lazima nieleze habari ya kuwasha pipa, maana ndiyo iliyotuharibia, au iliyotuokoa. Mpaka leo mimi na Zaina hatukubaliani ni ipi. Mtaani kwetu, mvua za kwanza zikishanyesha na mikungu ya chikichi ikishaiva, kila shamba hupika mawese yake ya kwanza kwa heshima. Chikichi huchemshwa kwenye pipa la chuma lililopandishwa juu ya mawe, kisha hutwangwa, hukamuliwa, na mafuta huenguliwa juu ya maji. Kazi hiyo jirani yeyote husaidia. Lakini moto wa siku ile ya kwanza huwashwa na mwenye shamba tu, kwa mkono wake, kwa kijinga kilichotoka jikoni kwake. Jioni majirani huja na vikombe, hutiliwa mafuta kidogo, na kila mmoja akipokea humwombea aliyewasha kwa jina lake. Wafyekaji waliuanza utaratibu huo walipokuwa hawana njia nyingine ya kuonyesha hiki cha nani na kile cha nani, na sisi wakuja tuliupokea kama tulivyopokea majina ya vijito. Baba alikuwa amewasha pipa letu kila mwaka tangu nipate akili.

Mwaka ule pipa lilijazwa mapema. Mama alikuwa ameshika mtwangio, Bi Mwamini amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na Mama Fatu, jirani yetu wa upande wa juu ambaye hakuna habari iliyompita, amekwishafika na kikombe ingawa hata moto haujawaka. Baba alitoka jikoni na kijinga kinachofuka. Mzee Ramadhani alikuwa amesimama karibu na pipa, mikono nyuma, anayatazama yale mawe. Nadhani alikuwa hajayaona tangu ujana wake. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, labda hakujua kwamba yanashuka. Baba alimwona. Nilimwona Baba akimwona, na moyo wangu ukaniambia kitakachotokea kabla hakijatokea, maana nilimjua. Alisimama, akageuza kile kijinga, akamnyooshea upande wa kushikia. "Muzee," akasema, "washa."

Mzee Ramadhani alikipokea. Aliinama polepole, akasema Bismillahi, akakisukuma chini ya kuni, na moto ukashika mara moja kwa sababu Baba siku zote alipanga kuni vizuri. Mama alifumba macho. Jioni, Mama Fatu alipotiliwa mafuta yake alikiinua kikombe akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mungu amuongezee Ramadhani," na wengine waliofuata wakasema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyopasa kusemwa. Baba alikuwa anatabasamu, anawakaribisha watu, anasogeza viti. Nina hakika hakuelewa mpaka kikombe cha mwisho.

Alielewa walipoingia chumbani. Sikuhitaji kutega sikio. Kuta zetu nimekwishazieleza. "Mutu analia mbele yangu," Baba alisema. "Ulitaka nifanye nini? Nimupe kitambaa?" Mama akamjibu, "Ndiyo! Ungemupa kitambaa! Uko fundi wa nguo, vitambaa iko mingi mu hii nyumba, na weye unampa moto!" Karibu na sikio langu nilisikia mtu anazuia kicheko, na kwa aibu yangu alikuwa ni Zaina aliyelala pembeni yangu, amejifunika shuka mpaka kichwani. Lakini halikuwa jambo la kucheka. Mtaa wote ulikuwa umemwombea Ramadhani, na bashingantahe wakija wataanza na swali hilohilo wanaloanza nalo siku zote: nani aliwasha pipa. Baba alikuwa amelitoa shamba letu kwa adabu yake. Mama aliacha kusema naye isipokuwa kwa kupitia kwangu, nami sasa nikawa mjumbe wa pande tatu.

Ramadhani ya mwezi ilitukuta katika hali hiyo, na nikiulizwa leo wakati gani wa ujana wangu ningependa kurudishiwa, ningesema jioni zile, pamoja na yote. Baba na Mzee Ramadhani walikwenda msikitini pamoja, walirudi pamoja wanabishana juu ya bei ya samaki wa mukeke na juu ya nani alisoma kwa haraka mno. Wanaume wale hawakuwahi kukosana, na hilo liliwaudhi wake zao sawasawa. Sebule ilitandikwa mikeka miwili, lakini tende zilikuwa kwenye sahani moja kwa sababu Baba alizinunua na hakujua kuzigawa. Bi Mwamini alikaanga maandazi yenye iliki. Mama alipika uji wa mchele. Tulipokuwa tunafuturu hawakutazamana, na hata hivyo nilimwona Bi Mwamini anainamisha kichwa kuuonja ule uji, anatulia, anaurudia. Mama, ambaye alikuwa hamwangalii, aliona. Siku iliyofuata uji ulikuwa mwingi zaidi. Nimefikiri sana juu ya uji ule. Watu hufikiri chuki ni kutojuana. Wale wawili walijuana kuliko dada wengi ninaowajua, walijua ni nani hulala vibaya mbalamwezi ikiwa kubwa na nani huumwa goti mvua ikikaribia, na kila mmoja alikuwa anaomba mwenzake aondoke.

Bashingantahe walikuja baada ya Idd. Walikaa kwenye banda la pipa, kwenye mabenchi tuliyoazima msikitini, fimbo zao zimesimamishwa kati ya magoti. Mkubwa wao alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza. Wanaume walisimama mbele, wanawake wa nyumba walikuwa kwenye mlango wa jiko. Nilikuwa nimeshikana mikono na Zaina, na sikumbuki ni nani aliyeanza. Mkubwa aliuliza nani aliwasha pipa, na Mama Fatu akajibu hata kabla ya kuitwa. "Ni Ramadhani. Nilikuwa pale, niliona na macho yangu." Mkubwa akamgeukia Baba. "Fundi, ulimupa moto?" Baba akasema, "Nilimupa." "Kwa sababu gani?" "Alikuwa analia." Watu wakacheka. Yule mkubwa hakucheka. "Sikuuliza machozi," akasema. "Ulimupa kama mwenye shamba, ama ulimupa kama mugeni?" Baba akajibu kwamba kama mgeni. "Hiyo kila mutu anaweza kuisema leo," mzee akasema, na nikahisi mkono wa Mama umenishika begani, kucha zote.

Kisha akamwuliza Mzee Ramadhani, yeye aliyepokea, alipewa kama nani. Mzee Ramadhani alitazama chini. Akatazama pipa. Hakuwa mtu wa uongo, na kwa hiyo hakuweza kusema alipewa kama mwenyewe. Lakini nyuma yake ni kama walikuwa wamesimama marehemu wote aliowasomea wanawe kule kambini, na hao nao hakuweza kuwasemea kinyume. Alinyamaza mpaka mzee mmoja wa benchi akaanza kukohoa. Ndipo Bi Mwamini akasema kutoka mlangoni, bila kusogea. "Alipewa kama mgeni. Nilikuwa nimekaa kwenye kinu, nimesikia. Fundi alimwambia 'washa' kwa sauti ileile anayomwambia 'tangulia' wakati wa chakula. Lakini mume wangu aliupokea ule moto kama mwenyewe, kwa sababu ni mwenyewe. Yote mawili ni kweli. Mmekuja kuamua nyinyi, basi amueni, mimi nimesema nilichoona."

Walijitenga wakashauriana nyuma ya banda, wakarudi, na yule mwembamba akasema walivyoona. Nyumba na michikichi iliyo juu ya njia inayokata shamba katikati ni ya Ramadhani. Michikichi ya chini ya njia mpaka ufuoni ni ya fundi. Fundi na watu wake watakaa humo humo ndani mpaka watakapojenga yao, na asiwepo wa kuwaharakisha. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, tulikuwa hatutoki, tulikuwa na mahali. Kisha nikamgeukia Zaina na kumkuta anahesabu kwa midomo, bila sauti, mistari iliyoondoka. Ule mchikichi uliopinda ulikuwa chini ya njia. Nilimwambia anaweza kukaa juu ya lile jiwe wakati wowote anaotaka. Aliniambia niache upumbavu, na jioni akalala amenipa mgongo, na nilielewa.

Mzee Ramadhani hakumsemesha mkewe siku zilizofuata. Alikula, alisali, alikwenda ufuoni kuangalia nyavu za wengine, akirudi alikaa sebuleni na radio yake ikiwa imezimwa. Bi Mwamini hakumbembeleza. Aliendelea kupika na kugombana kama kawaida, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua. Alasiri moja Baba alikuwa chini shambani anapima mahali pa kujenga, Zaina amekwenda sokoni Rumonge, na mimi na Mama tulikuwa uani, upande wa jiko. Mimi nachambua mchele, yeye anafagia. Hao wawili walikuwa sebuleni na nadhani walifikiri nyumba ni tupu. Nilimsikia Mzee Ramadhani akisema, kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angepaza sauti, "Mwamini, umenipotezea nusu ya shamba la babu yangu. Neno moja tu ungelimeza. Kwa nini?" Ufagio wa Mama ukasimama.

"Nimezunguka mtaa huu wote tangu tulipofika," Bi Mwamini akasema. "Nimekwenda kwa kina Sauda, nimekwenda kwa akina Kibwana, kila nyumba niliyokuwa naingia siku za uharusi wangu. Hakuna. Wamekufa, au wamebaki ng'ambo hawarudi. Wanaonifungulia mlango wananiita mama, wananipa kiti, wananiheshimu, kisha wanangoja niondoke. Hakuna hata mmoja aliyenibishia tangu nimerudi kwetu, mume wangu. Hata mmoja. Isipokuwa yule wa jikoni. Yule ananichukia vizuri, kama mtu wa nyumbani. Anajua chumvi yangu, anajua goti langu. Ukimfukuza yule, hili shamba lote likawa letu mpaka majini, mimi nitagombana na nani?"

Kiti cha Mzee Ramadhani kililia kidogo, kama mtu ameegemea nyuma. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, uso umegeukia ukutani, na kidevu kilikuwa kinamtetemeka, jambo nililokuwa sijawahi kuliona na nililotamani nisilione. Alivuta pumzi. Kisha akapaza sauti, ile sauti yake ya vita, iliyopita juu ya kuta zote za nyumba ile mpaka sebuleni.

"Mwamini!" akaita, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Fagio yangu umeiweka wapi?"

Ufagio ulikuwa mkononi mwake.